Nguo za Safari za Mama

Nyumba ya Kwon,
Geumso, Andong,
Korea Kusini.

23 Julai 1990

Mpendwa mdogo wangu Deoknam,

Salamu nyingi zikufikie huko São Paulo, wewe, shemeji Yongtae na watoto. Hujambo? Mgongo je? Katika barua yako ya mwisho ulisema unakuuma kila ukikaa kwenye mashine kutwa nzima, nami nikasema moyoni, huyu bado anakaa amejikunja kama alivyokuwa akikaa utotoni, tena huko hakuna wa kumgonga begani. Najua kwenu sasa ni baridi. Vaa vizuri, hasa miguuni. Na Minjong, kikohozi chake kimekwisha? Nijibu yote haya, usiruke hata moja kama ilivyo desturi yako.

Mimi ni mzima. Macho yameanza kunidai, natunga uzi kwa kubahatisha, lakini natunga. Kaka Sangdo mzima, mkewe Mama Hyegyong mzima, na Hyegyong mwenyewe amepata kazi ya ualimu huko Pohang. Mvua ya kiangazi imetukalia wiki nzima. Hata kuta zimeota ukungu, na kibandani kwangu sokoni nalazimika kupiga pasi vitambaa kabla sijavikata.

Sasa kaa chini, kama umesimama. Mama anafanyiwa upasuaji leo. Naandika haya nikiwa kwenye benchi la hospitali hapa Daegu, na yeye yuko ndani, nyuma ya mlango wa kijani ambao hawaturuhusu kuusogelea. Wamemwingiza asubuhi. Ana uvimbe tumboni, na daktari alitwambia wazi kwamba ukiachwa hautamngoja mtu.

Usinikasirikie kwa kutokupigia simu. Yeye ndiye aliyekataza. Alisema, "Deoknam akisikia ataacha kazi aanze kulia, na kulia kwake hakujawahi kumponya mtu." Unamjua. Lakini barua hakuikataza, na mimi mikono yangu haiwezi kukaa bure, kwa hiyo nakuandikia kila kitu tangu mwanzo. Nikifika mwisho huenda tutakuwa tumeshajua.

Mwaka huu, kwa kalenda yetu ya mwandamo, mwezi wa tano umekuja mara mbili, na ule wa pili ndio wa ziada. Siku ile ile aliyotoka kwa daktari, Mama alipofika nyumbani akafungua kasha lake, akatoa kile kitani. Unakikumbuka. Ni kile alichokifuma mwenyewe majira ya baridi baada ya Baba kufariki, nyuzi akizichana kwa meno na kuziungia pajani mpaka paja likachubuka, na sisi tukamuuliza ni cha nani, akasema ni cha mtu mmoja mvivu. Akakiweka mbele yetu akasema, "Mwezi wa ziada umeingia. Pilrye atanishonea nguo za safari. Zikiisha nitakwenda hospitali. Zisipoisha siendi. Siwezi kwenda kulala mezani kwa watu tumbo wazi, nikifa humo sina cha kuvaa."

Kaka alimbembeleza, akamfokea, akambembeleza tena. Alikuwa amehangaika mno kupata nafasi ya kitanda. Mama akawa jiwe. Nguo za kuzikiwa zishonwe katika mwezi usio na mwenyewe, mwezi ambao mizimu haiutazami, basi, na hakuna daktari wa kumwambia vinginevyo.

Mama Hyegyong akadhani amepata suluhisho. Akaenda mjini akarudi na nguo kamili za dukani, zimekunjwa vizuri ndani ya boksi. Mama akapitisha kidole kwenye mshono mmoja tu akazirudisha boksini. "Hizi zimeshonwa na mashine," akasema. "Mashine inakwenda mbele, inarudi nyuma, inafunga. Unataka nifike njiani nigeuke nirudi kukusumbua?" Wifi akaondoka akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Na mimi, mdogo wangu, nilikataa. Sikusema sitaki. Nilisema nina kazi ya maharusi, wale wote wanaokwepa kuoa mwezi wa ziada wamejazana mwezi unaofuata, sokoni hapakaliki. Ilikuwa kweli, lakini haikuwa sababu.

Sababu ni hii. Wewe unashona kwa mashine kwa sababu ndiyo kazi iliyowalisha huko, na siku nyingine umeniandikia kwamba ukiona kitambaa unasikia kichefuchefu. Mimi sijawahi. Tangu Mama aliponipa kipande cha hariri nishone mfuko wa vijiko, nikashona umepinda kama mguu wa kuku, na bado nikalala nao, sijawahi kuamka asubuhi nikachukia sindano. Napenda ile sauti yake ndogo inapopenya kitambaa kilichotiwa wanga. Napenda ukosi unapokaa sawa shingoni, ule mviringo ambao ukikosea kidogo tu mtu mzima anaonekana amenyongwa. Marehemu mume wangu alikuwa akiwaambia watu kwamba nimeolewa na sindano, yeye ni mgeni tu, anapewa chakula. Nilipofiwa naye, kilichoniinua ni koti la harusi la binti wa jirani. Nilishona huku nalia, na nilipofika kwenye mikono ya koti nikagundua kwamba nimenyamaza.

Na kila ninachoshona, Deoknam, namwona mtu wake ndani yake. Namwona bibi harusi anainama, namwona mtoto ananyoosha mkono. Nguo za kwanza za watoto wako nilizotuma kwa posta, niliwaona ndani yake kabla hawajazaliwa. Furaha yangu yote iko hapo. Sijawahi kushona kitu nikaomba kisivaliwe. Ningeanzaje na Mama?

Basi siku zikapita. Nilikuwa nakwenda Geumso kumwona, nambebea uji wa karanga, na kile kitani kiko pale kando ya mto wake, hatukitaji. Ijumaa Kaka akaja mwenyewe kibandani kwangu. Alisimama mlangoni maji yanamtiririka, wateja wanamtazama, wala hakujali. "Kesho ndiyo mwisho wa mwezi," alisema. "Jumatatu kitanda kinamngoja. Kikipotea hiki, kingine hakuna mpaka majani yapukutike, na Mama hatayaona majani. Watu wanauawa kwa visu, Pilrye. Wewe unamuua kwa sindano unayokataa kuishika." Akaondoka bila kufungua mwavuli.

Jumamosi nilipanda basi la kwanza. Mvua ilikuwa kubwa, na uani kwa Kaka maji yalifika kizingitini. Nilimkuta Mama ameshaoga, amechana nywele, amekaa kwenye godoro lake karibu na mlango. Amekonda, Deoknam. Mikono yake imekuwa miepesi kama ya mtoto. Macho yake siku hizi yanaona mwanga na kivuli tu, lakini vidole vyake ni vile vile. Aliponisikia akasema, "Umekuja na masikio au umekuja na sindano?" Nikasema nimekuja na vyote viwili. "Masikio weka kando," akasema, "tuna siku moja."

Aliyekata kitambaa ni Bibi Cheongsong, yule jirani, maana ana mume hai na watoto wote hai, na mkono wa kwanza kukata lazima uwe na bahati. Amezeeka sasa lakini mdomo haujazeeka. Akaitandaza ile sketi, pana kama zilivyo nguo za safari, akasema, "Upana huu wote, mwenzangu, huko unakwenda kucheza ngoma?" Mama akajibu, "Nimebanwa maisha yangu yote. Niache nipumue." Tukacheka sote, hata wifi.

Unazijua sheria, lakini nakukumbusha, maana ndizo zilizotufikisha tulipofika. Uzi haupigwi fundo, si mwanzo wala mwisho, ili roho isifungwe. Ncha inaachwa ndefu, inalala tu. Sindano hairudi nyuma, ili anayekwenda asigeuke. Na kazi ianze na iishe siku moja, kabla jua halijatua. Lakini jua lenyewe tangu wiki iliyopita hakuna aliyeliona. Kaka akasema tutatazama saa. Mama akasema saa haijui jua, tutatazama kuku. Kuku wakipanda kulala, jua limetua.

Tukagawana. Bibi Cheongsong sketi, wifi soksi na vile vifuko vidogo vya kuwekea kucha na nywele zake, mimi koti la ndani na vazi kubwa la juu. Kila kipande kilichokwisha kilipelekwa kwa Mama, naye akakipapasa mshono kwa mshono, taratibu, uso hauonyeshi kitu. Akiridhika anakiweka kulia kwake. Sindano ya wifi ilikuwa nzito asubuhi ile. Mama alimrudishia soksi moja. Wifi akanitazama mimi. "Wifi, ungekuja mwanzoni mwa mwezi," alisema, "leo tungekuwa tunakunywa chai. Wewe unaingia na sindano yako kila mtu anakusifu. Mimi ndiye ninayemwaga beseni lake." Ni kweli, yeye ndiye anayelimwaga, na analimwaga bila kununa.

Asubuhi yote nilishona kwa hofu. Hofu yenyewe, vidole vimekufa ganzi, natunga uzi naukosa, natunga tena. Kila nikiingiza sindano nilikuwa nafikiri, hapa patakaa bega lake, hapa patakaa shingo yake, na yeye amelala ndani yake, hajui kitu. Nilijichoma mara nyingi kuliko nilivyojichoma mwaka mzima. Kaka alikuwa barazani anatembea, tunasikia mbao zinalia anakwenda, mbao zinalia anarudi. Mchana tukala tambi za unga wa maharage kwa haraka, wima, mkono mmoja umeshika bakuli na mwingine unatazamia kazi. Mama hakula kitu.

Baada ya chakula nikaanza vazi la juu. Nataka unisikilize vizuri hapa, maana hata sasa sijui nikuelezeje. Kile kitani sijapata kushona kitu kama kile. Ni chembamba, ukikiinua mlangoni unaona uani, na bado ni kigumu, kinakaa pale unapokiweka. Kila uzi wake umepita mdomoni mwa Mama. Sindano ikaanza kwenda. Mshono wa mgongo ukashuka umenyooka, sikuchora mstari, sikupima, ukashuka tu. Mvua ikapungua na mwanga ukaingia chumbani, mweupe. Nikajikuta naimba puani. Bibi Cheongsong akanikonyeza, sikuelewa kwa nini.

Nilifurahi, Deoknam. Aibu gani hii, lakini nilifurahi. Nilisahau kabisa nashona nini. Nilimwona Mama amevaa vazi lile anatembea uani, anafukuza kuku wasiingie kwenye pilipili alizoanika, mikono imemzidi urefu anaikunja huku ananilalamikia. Nilimwona mzima. Nikafika mwisho wa mshono chini ya kwapa, nikakata uzi kwa meno, nikashika mkono wa pili, nikaendelea. Tukamaliza kuku bado wanazunguka chini. Kaka akaacha kutembea.

Vazi likapelekwa kwa Mama, la mwisho. Akaanza ukosini, akashuka mgongoni, akatikisa kichwa kidogo kama mtu anayekubali. Akapita bega la kulia, akapita mkono. Akaja kushoto. Kidole kikasimama chini ya kwapa. Kikarudi nyuma kidogo, kikaja mbele tena.

"Pilrye," akasema, "hapa pana nini?"

Nikainama nikapapasa alipopapasa. Lilikuwa fundo. Dogo, la mviringo, limekaza, fundo safi kabisa, la aina ninayowapigia maharusi ili wacheze usiku kucha lisifumuke. Vidole vyangu vililipiga vyenyewe, mimi sikuwepo.

Kisha Bibi Cheongsong akasema kwa sauti ndogo, "Lifumue haraka, mwanangu, kuku bado."

"Kufumua ni kurudi nyuma," Mama akasema.

"Basi tukate kipande kingine."

"Cha wapi? Kitani kimekwisha."

Wifi akasimama. Vile vifuko vikamwanguka miguuni. "Amefanya makusudi," akasema. "Tangu mwanzo hakutaka. Mwezi mzima anazunguka, leo amekuja, ameshona vizuri kote halafu mwishoni amefunga. Fundi kama huyu anakosea? Mama, huyu hakukosea."

Kaka akaingia na viatu ndani. Mkubwa wa ukoo, mwenye mvi zake, akapiga magoti mbele ya Mama, matope yote yale sakafuni. "Mama, nakuomba. Ni fundo. Ni kauzi tu. Usiniue kwa ajili ya kauzi." Sijawahi kumsikia Kaka akisema kwa sauti ile, hata Baba alipokufa. Nje kuku wa kwanza akaruka akapanda mtini, tukamsikia mabawa yake.

Mama akanigeuzia uso mimi. "Ulipiga makusudi?"

Ningeweza kusema hapana, likaisha. Lakini mbele ya mama yako anayekaribia kufa unasemaje neno ambalo hulijui? Nikasema, "Mama, nilisahau kwamba ni nguo ya kuzikiwa. Nilikuwa nafurahi."

Kuku wakapanda wote, mmoja baada ya mwingine, na mwezi wa ziada ukaisha tunausikiliza. Nilijua limekwisha. Nilijua Jumatatu kitanda kitakaa kitupu, naye atalala pale mlangoni mpaka uvimbe umalize kazi yake, na mimi nitakuwa ndiye niliyemuua.

Halafu akakasirika. Hujamwona amekasirika hivyo tangu ulipokata nywele. Akalikunja lile vazi kwa mikono yote miwili, hovyo, yeye asiyekunja kitu hovyo, akalitupa kushoto kwake.

"Nilikufundisha kushona kabla hujajua kujichana," akasema. "Watu wanatoka Yeongju kuja kwako, unawavalisha mabinti zao kama malaika. Mimi niliyekushikisha sindano ndiye unanifungia fundo kwapani. Nikifika na hili, mama mkwe wangu atanipokea wa kwanza. Unajua vidole vyake vilivyokuwa. Atanipapasa hapa, ataniuliza nani amekushonea uchafu huu, nami nimwambie ni binti yangu niliyekuwa naringa naye? Silivai. Sifi na kazi mbovu mwilini. Sangdo, gari linaondoka saa ngapi?"

Kaka akabaki amepiga magoti. "Gari gani, Mama?"

"La hospitali. Au umeshamkatalia yule daktari? Wakate huo uvimbe nirudi. Nitakaa nisubiri mwezi wa ziada mwingine, na safari hiyo nitakaa karibu yake na fimbo mkononi."

Bibi Cheongsong akahesabu kwa vidole. "Ni miaka mitatu, mwenzangu."

"Basi nitakaa miaka mitatu," Mama akasema, amenuna. "Nitafanya nini sasa?"

Ndivyo tulivyofika hapa, mdogo wangu. Jana tumemleta. Njia nzima hakunisemesha, na kila nikitaka kumrekebishia mto anaomba aitwe wifi. Leo asubuhi walipomsukuma kuelekea ule mlango, alishika mkono wa Kaka, akashika wa wifi, na mimi akanipita. Naandika kwa sababu nikiacha kuandika nitauona tu ule mkono.

Wifi amekaa nami hapa benchini tangu asubuhi. Hatukusemezana mpaka alipoleta chai kutoka kwenye ile mashine ya ukumbini. Akanipa kikombe, akatazama sakafu, akauliza, "Wifi, niambie mimi tu. Ulipiga makusudi?" Nikamwambia nilivyomwambia Mama. Akanywa chai yake. Baada ya muda akasema, "Ningekuwa mimi ningepiga matano." Kisha akalala, ameegemeza kichwa begani kwangu, anakoroma. Bega limekufa ganzi lakini simwamshi.

Mlango umefunguka mara mbili, si kwa ajili yetu. Sasa unafunguka tena na Kaka amesimama. Naacha hapa kidogo.

*

Leo ni Jumatano. Mama yu hai.

Niliona niandike hilo kwanza nisije nikaanza na hadithi. Wamekata uvimbe pamoja na sehemu ya tumbo. Daktari anasema ameondoa wote aliouona, asiouona hawezi kuusemea, na kwamba tungoje. Kwa hiyo tunangoja, lakini tunangoja naye yupo. Ana mpira puani na mwingine ubavuni, rangi yake ni ya majivu, na jana kutwa hakusema kitu. Nilikaa nikamlowanisha midomo kwa pamba. Hakunifukuza.

Leo asubuhi akafumbua macho. Nilikuwa peke yangu naye, Kaka amekwenda kumpokea Hyegyong kituoni, wifi anafua. Akaniuliza nani yupo, nikasema mimi, Pilrye. Akafunga macho tena. Nikadhani amelala, au bado amenikasirikia. Kisha akasema, taratibu sana, neno moja, pumzi, neno jingine, "Mwandikie Deoknam. Zile nguo atakuja kuzishona yeye."

Nitakuambia ukweli, iliniuma. Ilinichoma kama fundi kabla haijanichoma kama mtoto. Nikamwambia, "Mama, Deoknam anashona suruali kwa mashine. Nitazirudia mimi. Safari hii sitasahau."

"Utasahau," akasema. Akatafuta mkono wangu juu ya shuka, akaupata, akaushika. "Wewe hutaniachia niende."

Nikalia, Deoknam. Nililia mpaka mwuguzi akaja kutazama kama kuna lililotokea. Kwa sababu anasema kweli. Miaka mitatu ikipita, nipe kitani kile kile, nikalishe chini, niimbie sheria zote masikioni, vidole vyangu vitafunga tena. Havijui kazi nyingine. Vimefundishwa na yeye kumvika mtu aliye hai.

Basi ujumbe nimeufikisha kama nilivyotumwa. Msalimie sana shemeji Yongtae, mwambie asikuache ubebe majora peke yako. Msalimie Minjong na mdogo wake, na yule mama wa Busan mnayekaa naye nyumba moja anayekupa kabichi. Kaka Sangdo anakusalimu, Mama Hyegyong anakusalimu na anauliza kama ile chupi ya sufi aliyokutumia ilikuenea. Bibi Cheongsong anasema unenepe. Mbingu ziwakinge huko ugenini, ziwape usingizi mzuri na mikono isiyouma, na zitukutanishe.

Lipo jambo moja langu mwenyewe, Mama asilijue. Miaka yote hii nimekuwa nikikuomba urudi, nawe unasema mwakani. Mwakani uje kweli. Njoo ukae naye barazani, umsimulie ya huko, ule tambi zake, umwache akugonge begani. Lakini sindano yako iache São Paulo.

Dada yako akupendaye na kukungoja,
Pilrye